Vifaa vya safari ya miguu vinunuliwe kwa mizani

Kusini mwa Kinanira, katika njia ya kuelekea Rumonge, lipo jiwe la Mugere linalowakumbuka Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. Wapagazi waliobeba shehena za Stanley kutoka Bagamoyo hadi Ujiji hawana jiwe. Mzigo wa mmoja wao ulikaribia kilo 32. Leo kule Kilimanjaro mizigo hupimwa getini, na mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za kampuni na wageni wake.

Mlimani wameshajua thamani ya mizani. Wafanyabiashara wetu bado. Begi la mgongoni huchaguliwa kwa rangi, mifuko na bei, halafu vijana wa Bujumbura wanaopanda milima mwishoni mwa wiki wanagundua kwamba begi tupu lina kilo tatu. Muuzaji amepata faida ya siku moja na kumpoteza mteja.

Ushauri wangu kwa wanaovuka Mugina na Kobero ni huu: nendeni na mizani ya mkononi. Anzeni na vitu vinavyokula uzito mwingi, yaani begi, hema na blanketi. Viatu navyo vipimwe, maana kila hatua mguu unavinyanyua upya. Maji hayana ujanja, lita moja ni kilo moja. Basi chupa iwe ya plastiki nyepesi, si ya chuma.

Wepesi hauhitaji bei kubwa. Jezi ya polista ya mtumba hukauka upesi kuliko fulana ya pamba, na kwenye baridi ya Mugamba nguo mbichi mwilini ni hatari. Khanga moja ni shuka, taulo na ngata. Turubai jembamba na kamba huweza kufanya kazi ya hema pale mvua isipokuwa kali.

Hapa pia kuna hesabu ya mpakani. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na shehena haizidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa na forodha palepale, bila ushuru wa kuingiza bidhaa. Kodi nyingine na ukaguzi vinabaki. Khanga za Tanzania au viatu vya kiwanda cha Limuru, Kenya, vinaweza kupata nafasi hiyo. Mtumba na hema kutoka Asia haviipati, hata ukivinunua Kigoma.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: kina uzito gani, na kimetengenezwa wapi? Jibu la kwanza litamwokoa mteja mgongo. La pili litakuokolea ushuru.