TAHARIRI: Simu za Ushirika Zikae kwa Nani?

Ndugu wanachama, Kamati imeleta shauri kwamba fedha ya mfuko itolewe, zinunuliwe simu 2 za kupangusa tupate habari za mvua, wadudu na bei. Hatulipingi. Tunauliza tu: habari hizo zitamfikia nani?

Msimu uliopita ujumbe uliingia kwenye simu za wenzetu wachache: masika yatakuwa "ya wastani hadi juu ya wastani". Haya. Mama mwenye kipande chake cha mahindi bondeni afanye nini na wastani? Yeye anataka kujua apande sasa au angoje. Akikosea, mbegu imeoza. Tena simu yenyewe iko mfukoni mwa mume, na mume yuko baharini!

Wazee watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja kwa kikundi kizima, na watu wapatao milioni 2 nchini wakajifunza. Hawakusikiliza wakatawanyika. Walikaa, kiongozi akafungua kitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa ile ile ya kusikilizia taarab. Ule mkao wa pamoja ndio ulioleta faida.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2011, kwenye kituo cha kilimo cha Chambezi, Bagamoyo, wakulima 10 wa Sauti ya Wakulima, wanawake 5 na wanaume 5, walianza na simu 2 za kupokezana. Mwenye zamu alipiga picha shambani, akamhoji jirani, akarekodi sauti. Halafu wakakutana kutazama na kusikiliza pamoja. Kazi ya namna hii haimtupi asiyejua kusoma, na habari inatoka kwa mkulima mwenyewe, siyo kungojea ishushwe tu.

Basi sisi tunataka hivi. Simu zisifungiwe kabatini, wala zisigeuke za viongozi (tunawaheshimu, lakini tunajua mambo). Zizunguke kwa zamu ya wiki, moja ikiwa kwa akina mama daima. Ujumbe ukija usomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili cha shambani, na bwana shamba awepo aulizwe. Na fedha ya vocha itajwe kabla ya kununua, maana simu isiyo na salio ni kioo cha kujitazamia.

Kamati ijibu hapa hapa ubaoni kabla ya mkutano wa Jumamosi. Nafasi tumeiacha chini.