Ndoano haina refa, haina VAR

Septemba 2022, kwenye shindano la kuvua samaki Ziwa Erie, Marekani, jamaa wawili walileta kwenye mizani samaki wazito kupita umbo lao. Mratibu akashika kisu, akawapasua mbele ya umati. Tumboni mkatoka vipande vya madini ya risasi. Mwaka 2023 jamaa wakahukumiwa siku 10 jela, na boti ikataifishwa.

Shabiki wa soka anaujua mchezo huo hata kama hajawahi kushika mshipi. Ni ule ule wa kujiangusha kwenye boksi, wa kupanga mamluki kwenye ndondo, wa kijana wa miaka 24 kuingia na cheti cha miaka 17. Ila uwanjani yupo refa wa kutupiwa lawama. Mvuvi yuko peke yake na ndoano yake.

Twende Mbamba Bay. Siku hizi kuna lami kilomita 66 kutoka Mbinga, kwa hiyo mtu anateremka asubuhi kutoka Umatengo, anakaa na mshipi juu ya miamba ya Ziwa Nyasa, jioni anawahi mechi. Wapo wanaotafuta kitoweo, wapo wa kujifurahisha tu. Ubishi wa nani kavuta mkubwa haukosi, na dau lenyewe ni soda. Ubishi mtamu kuliko wa Simba na Yanga, maana huu haujavunja ndoa ya mtu (bado).

Kipimo cha uungwana kipo majini. Perege jike wa ziwa lile hutunza mayai mdomoni, na vifaranga wakiona hatari hukimbilia humo humo. Akiwa hivyo ni nadra kuuma ndoano. Lakini akinasa, mvuvi ana sekunde chache za kuamua, na hakuna anayemwona. Akimrudisha, kapoteza soda.

Mbasa naye, mvua zikikolea, hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga. Kumzibia mdomo wa mto kwa nyavu wakati huo ni kupiga bao huku kipa kainama anafunga kamba za viatu. Bao limeingia, sawa. Msimu ujao utacheza na nani?

Maofisa michezo wa Mbinga na Nyasa wanajua kuandaa makombe ya soka na netiboli. Waongeze la ndoano, ila wasikosee kwenye kanuni. Ukiweka fedha nyingi na kupima kwa kilo, umeyaita mambo ya Ziwa Erie, na pengine mtu atakuja na samaki wa kokoro aseme kavua kwa mshipi. Zawadi iwe jezi au mpira. Samaki apimwe kwa rula, arudishwe akiwa hai, na mbasa asiguswe wakati wa kupanda mto. Kule Watamu, Kenya, sulisuli huvuliwa, akawekwa alama na kuachiwa, na majigambo ya manahodha hayajapungua hata kidogo.

Na rula asishike mwenye samaki. Ashike mpinzani wake wa mtumbwi wa pili, ndiye asome sentimita kwa sauti, watu wote wakisikia.