Foki ya Springi na Foki Ngumu

Wengi wetu kambini tumenunua baiskeli za matairi mapana zenye springi katika foki, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ikiwa mpya hupendeza. Baada ya masika mbili, maji na matope huingia ndani, springi hushika kutu, na miguu huanza kucheza. Foki ya namna hiyo haipunguzi tena mtikisiko. Ni kilo mbili na zaidi za chuma kisicho na kazi.

Foki ngumu isiyo na springi huondoa taabu hiyo. Lakini ipimwe kwanza. Mimi sikupima. Mwaka juzi fundi wa njiani alinifungia foki aliyokuwa nayo kibandani, fupi kuliko ya zamani kwa upana wa vidole vitatu. Baiskeli ikainama mbele na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Mama watoto, akishuka mlima na mtoto mgongoni, alitupwa mtaroni. Mtoto hakuumia, mkono wa mama yake ulikaa katika plasta wiki sita.

Basi, pima foki ya zamani kutoka katikati ya ekseli hadi pale pete ya gololi inapokalia. Kutoka hapo toa kiasi ambacho springi nzima hushuka mtu akipanda, karibu robo ya mwendo wake: kwa springi ya milimita 80, toa 20. Foki mpya ikaribie hesabu hiyo, kwa kuwa kila milimita 20 zinazopungua husimamisha pembe ya usukani kwa digrii moja hivi.

Tazama pia shingo. Nyingi za siku hizi zina unene wa milimita 28.6, za zamani 25.4, na hazibadilishani. Ikiwa shingo ni ndefu itakatwa kwa msumeno. Ikiwa fupi, irudishe dukani. Na pawepo mahali pa kufungia breki yako, iwe ya diski au ya kubana rimu.

Pete ya chini igongwe taratibu kuizunguka pande zote, ihamishiwe foki mpya, na gololi zitiwe grisi. Ukimaliza, bana breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, kaza, usukani ukiwa mgumu, legeza kidogo.

Yetu sasa ina foki ya kipimo chake. Hata hivyo mama watoto alikataa kuipanda mpaka nilipoushuka mlima ule mara mbili, yeye akitazama.