Tochi ya kichwani ni kinga mlimani

Msomaji, ukipanda Mlima Kenya utaamshwa usiku wa manane ili ufike Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Muda huo wote utakanyaga mawe gizani. Tochi ya mkononi haifai: ukiteleza, mkono ulioishika ndio ungekuzuia usianguke.

Nunua ya kufunga kichwani, wala si lazima iwe ghali. Usibabaishwe na maelfu ya lumeni yanayoandikwa kwenye paketi za bei ya chini. Mara nyingi ni porojo. Lumeni 200 za kweli zatosha kabisa. Mimi ningetazama betri kwanza. Tochi ya betri ndogo za AAA ni bora, kwa kuwa hizo zapatikana karibu kila duka. Lakini baridi huzidhoofisha upesi, kwa hivyo beba za akiba mfukoni, karibu na mwili. Alama ya IPX4 yaonyesha kwamba tochi yastahimili kurushiwa maji.

Na mara kwa mara mmulike mwenzako miguuni. Akipepesuka kama mlevi, au akijibu ovyo, huenda ubongo umevimba kwa kukosa hewa ya kutosha. Msingoje mapambazuko. Mteremsheni papo hapo, na njia ya kurudi nayo yataka mwanga.