Wamama wa karieri wanaulizwa maswali, lakini nani anaandika?

Kila tarehe 11 Februari dunia inaadhimisha siku ya wanawake na wasichana katika sayansi. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 2015, na UNESCO inasema mtafiti mmoja tu kati ya watatu ni mwanamke. Kule Rubaya ao Bisie habari hii inaweza kuonekana ya watu wa mbali. Sisi tunaona inagusa sufuria za nyumba zetu.

Tukumbuke Septemba 2010. Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, baada ya ripoti nyingi kusema kwamba madini ya Walikale yanalisha vita. Kufunga huko kulidumu mpaka Machi 2011. Marekani nayo, Julai 2010, ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank, na wanunuzi wakaogopa. Ripoti za wakati ule zilisema mengi juu ya silaha. Juu ya mama anayebeba mzigo, anayeosha mchanga, anayetoa bugali kwa deni mpaka mali iuzwe, zilisema kidogo sana. Na alipotajwa, mara nyingi alitajwa kama mtu aliyebakwa, basi. Ubakaji ulikuwepo, hakuna wa kukataa. Lakini mama yule yule anajua bei ya kilo, anajua shimo gani limetoa na nani hajalipa deni. Ile nayo ni elimu, na hakuna aliyeiandika.

Mambo yalianza kubadilika wakati binti wa Kivu alishika kalamu. Marie-Rose Bashwira, mtafiti wa Université Catholique de Bukavu, aliandika mwaka 2014, pamoja na wenzake watatu wa Ulaya, makala juu ya wanawake katika migodi ya mashariki mwa Congo. Jina lake njo la kwanza pale juu. Mwaka 2017 akapata udaktari wake ku Wageningen, Uholanzi, juu ya maisha ya wamama haohao. Hakuuliza tu nani amewaumiza. Aliuliza wanafanya kazi gani, wanapata nini, na nini kinawazuia kupanda.

Maswali ya namna hii yana uzito, tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2012 Wizara ya Migodi iliweka masharti ya kuita mgodi “wa kijani”, na moja ni kwamba mwanamke mwenye mimba asionekane kazini humo. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mimba ya miezi miwili nani anaiona? Mahali kwingine sharti hilo limegeuka sababu ya kufukuza wamama wote, hata bibi wa miaka hamsini. Aliyeandika sharti ofisini hangeweza kuliona jambo hilo. Anayekaa chini na wamama analiona siku ya kwanza.

Kuna shida ingine, na hii inatuhusu wote. Kuanzia 2019, watafiti wa Kivu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walitoa maandishi yanayoitwa Bukavu Series. Walisema wazi: mtoto wa hapa anaingia porini, anapita vizuizi, anatafsiri, anahatarisha maisha, kitabu kikitoka, jina lake halimo. Kama ni hivyo kwa mwanaume mwenye diploma, mwanamke je? Ushirikiano ambao upande mmoja unabeba hatari na upande mwingine unabeba jina, sisi hatuuiti ushirikiano.

Juu kabisa kuna mabadiliko. Judith Suminwa aliitwa Waziri Mkuu Aprili 2024, mwanamke wa kwanza. Katika serikali yake aliingia Raïssa Malu, aliyesoma fizikia na kuanzisha Wiki ya Sayansi Kinshasa mwaka 2014, na akapewa elimu. Tunafurahi. Lakini mwezi huohuo wa Aprili, Rubaya iliingia mikononi mwa M23, na Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre, kampuni ya Bisie ikasimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mwalimu anakimbia, darasa linafungwa. Na watoto wakirudi, minervali ya kwanza inalipwa kwa kijana. Binti anaambiwa angojee. Ndiyo maana, Bisie ikitafuta mtu wa laboratware ao mjiolojia, anatoka mbali. Idara ya jiolojia iko hapa Bukavu, ku Université Officielle, lakini bila hesabu na fizikia za sekondari hauingii.

Mtafiti akifika tena kwenu na daftari, mama ana haki ya kuuliza: majina ya nani yatakuwa juu ya karatasi hiyo? Mtairudisha kwetu lini, na kwa lugha gani? Na kati ya mabinti wa hapa waliomaliza shule, mmechukua nani kazini?