Wanaojidunga nao wahesabiwe, mgambo abaki nyumbani

Muulize mtendaji wa kijiji kama Mlingotini, wilayani Bagamoyo, kuna kaya ngapi, atafungua daftari. Ulizia vyombo vya uvuvi, watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wanavyo kwa namba. Kina mama wa mwani wanajuana mmoja mmoja. Sasa ulizia vijana wangapi wanajidunga heroini. Mmoja atasema wawili watatu, mwingine atasema wamejaa, wa tatu atakuuliza umetumwa na nani.

Wote watatu wanakisia, na kwa makisio hayo ndiyo tunapanga huduma za afya.

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilitupatia watu 61,741,120, hadi yule wa mwisho. Karani aliuliza umri, elimu na choo. Hakuuliza nani anatumia unga, na hata angeuliza, nani angemjibu mlangoni, mama mkwe akisikiliza? Wala Bagamoyo si mgeni wa hesabu za afya. Mwaka 2009 majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianzia hapa, watoto wakiandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka. Lakini mtoto ana mama na kadi ya kliniki. Anayejidunga hujificha, na ana sababu.

Mwaka 2014 wataalamu walikubaliana kwamba Tanzania Bara ilikuwa na watu wapatao 30,000 wanaojidunga, na kwamba zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na VVU. Kwa watu wazima wote wakati huo, wenye VVU walikuwa kama mmoja kati ya 20. Kwa mipango ya taifa, hiyo 30,000 ilitosha. Kwa mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua aagize nini na akipeleke wapi, haimsaidii.

Tazama methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Kwa kawaida hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu. Kijana wa kijijini akiianza, ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo. Siku nauli ikikosekana, arosto, maumivu ya kukosa dawa, inamrudisha maskani kutafuta kete ya heroini. Kama kijijini wako watano, watafutiwe usafiri. Kama wako hamsini, dawa ndiyo iwafuate. Uamuzi wote unategemea namba ambayo hatuna.

Njia ya kuitafuta ipo, na wavuvi wataielewa haraka kuliko maofisa. Katika miaka ya 1890, Johannes Petersen wa Denmark aliwatia samaki alama, akawarudisha majini, kisha akaangalia wangapi wenye alama wanarudi wavuni. Kwa binadamu alama ni kitu kidogo tu. Tuseme waelimishaji rika wanapita maskani za mwambao wakigawa vishikio 60 vyekundu vya funguo, bila kuuliza jina. Wiki mbili baadaye wengine wanapita, wanakutana na watu 50, na 15 kati yao wanasema walipata kile chekundu. Hao 15 ni asilimia 30 ya waliokutwa. Basi na vile vishikio 60 vimewafikia asilimia 30 ya wote, na wote ni 200.

Rahisi, ila pwani ina mambo yake, na kati ya wanaohesabiwa wanaweza kuwemo wavuvi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika, na wengine hurudi kwao. Wengine wako dago, kambi za muda za uvuvi, leo hapa, kesho ufuko mwingine. Anayegawa vishikio wakati wa giza na kurudi kuhesabu wakati wa mbalamwezi atakuta waliopewa wameshaondoka. Badala ya 15 akiwapata watano, hesabu ileile inamletea 600. Na wahesabuji wakiwarudia marafiki zao walewale, wenye vishikio wakawa 30 kati ya 50, watu wote wanashuka hadi 100. Kwa hiyo ofisa akituletea namba moja iliyonyooka, tumuulize ya chini ni ipi, ya juu ni ipi, na alihesabu mwezi ukiwa wapi.

Kinachoharibu hesabu kuliko mwezi ni woga. Msako ukipita kati ya duru ya kwanza na ya pili, maskani huhama. Watu huingia mikokoni au hupanda gari la Dar. Kishikio cha funguo hutupwa, maana sasa kimekuwa ushahidi. Atakayekuja kuhesabu atakuta majivu ya moto na viti vya mawe, aandike kwamba tatizo limekwisha.

Hatusemi wauzaji waachwe. Tunasema siku za kuhesabu zisiwe siku za kukamata, na anayehesabu asiongozane na mgambo wala asiandike jina la mtu. Kazi hiyo wapewe waliowahi kutumia wakaacha. Wao wanajua mlango wa kuingilia na salamu ya kuanzia.

Wapo watakaosema kuhesabu ni kukipaka kijiji matope. Hofu hiyo tunaielewa. Basi namba ya kijiji ibaki kwa mganga mkuu na timu yake, hadharani itangazwe ya wilaya nzima, ya chini na ya juu. Kijiji hakitaaibika, na nesi atajua abebe dozi ngapi.

Halmashauri ya Bagamoyo ifanye kazi hii kabla ya kufunga bajeti ijayo, na mapema iwaulize wavuvi ni usiku upi wa kuanza. Gharama yake ni nauli, posho ya waelimishaji na vishikio vya funguo. Ikiachwa, bajeti ya wanaojidunga itaendelea kupangwa kwa makisio, na kila asubuhi kijana atasimama kituo cha bodaboda akihesabu kama nauli inatosha.