Simu ya Mgonjwa wa Baridi Yabisi: Nani Anazisoma Taarifa Zake?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na ile aina ya baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili huohuo. Takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Ni ugonjwa wa kupanda na kushuka: leo mama ameamka vidole vimekakamaa, hawezi kufunga vifungo vya nguo, siku ya kliniki hana uvimbe wa kuonesha. Akiulizwa miezi hii mitatu amekuwaje, hujibu kwa kukumbuka maumivu ya jana.

Pengo hilo ndilo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wamejaribu kuliziba kwa mradi uitwao REMORA. Katika jaribio la awali huko Salford, wagonjwa 20 walijaza kila siku katika programu ya simu hali ya maumivu na uchovu wao. Taarifa ziliingia katika jalada la hospitali, daktari na mgonjwa wakatazama mchoro mmoja. Kwa maoni yangu, faida kubwa ni hiyo: mgonjwa anasadikiwa.

Lakini anayeandika usiku wa manane kwamba maumivu yamezidi, huamini kuna mtu upande wa pili. Kama hakuna muuguzi aliyepangwa kusoma, simu imegeuka sanduku la maoni lisilofunguliwa, na mgonjwa hana budi kuambiwa hivyo waziwazi. Tena ugonjwa huu hupenda kushika vidole, vilevile vinavyotakiwa kugusa kioo cha simu!

Hati ya Vatican *Antiqua et nova*, ya tarehe 28 Januari 2025, inatambua manufaa ya akili mnemba katika tiba, lakini inaonya kwamba ikichukua nafasi ya uhusiano wa mgonjwa na wahudumu wa afya, itazidisha upweke. Onyo hilo lahusu pia programu hizi nyepesi, na kwa baridi yabisi lina uzito wa kitabibu: kipimo cha DAS28 humtaka mtabibu apapase viungo 28 kwa mikono yake. Simu haipapasi. Basi hospitali inayotaka kupunguza mahudhurio ya kliniki kwa sababu ya programu, itangulie kusema ni nani atakayemwita mgonjwa ambaye mchoro wake unapanda, na baada ya siku ngapi.